Mfalme Hakugeuza Kichwa

Siku ya tatu baada ya maziko ya Pak Salleh, binti yake aligonga mlango wangu akanikabidhi mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kofia nyeusi ya mahameli na kanda moja ya kaseti isiyo na jalada.

"Alisema nikupe wewe," aliniambia kwa Kiingereza. Kanda aliishika kwa ncha za vidole. "Sijui ni nini. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukijifungia chumbani akiipiga. Kelele za ngoma tu."

Sikumlaumu. Amezaliwa hapahapa London, katika hospitali ambayo mimi nilipiga deki korido zake miaka kumi na minane, na hakuna aliyemkalisha akamweleza kelele zile ni za nani. Hata wanangu sikuwakalisha. Nilimshukuru, nikafunga mlango, nikainusa ile kanda. Ilinuka uduvi.

Nyumba nzima ya Pak Salleh ilinuka uduvi. Tulikuwa majirani ghorofa ya nne huko Thamesmead, katika yale majengo ya zege ambayo mvua ikizidi huota ukungu wa kijani kutani, na ukuta wa jiko lake ndio uliokuwa ukuta wa sebule yangu. Yeye alikuwa Mmalai, mpishi wa meli aliyeshuka bandarini siku moja, akaoa, asipande tena. Kila Jumapili alikaanga kitu fulani cha kamba waliosagwa na kuchachushwa, na jirani wa upande wa pili akawa anaandikia kaunsili, baraza la mji, barua kwamba huenda kuna maiti humo. Kwangu ilikuwa harufu ya jikoni kwa mama. Nilimgongea nikamuuliza anapika nini. Akanitazama kwa ukali.

"Umetumwa na kaunsili?"

"Nimetumwa na njaa."

Akanikaribisha. Tangu siku ile aliniita Abang, ambayo kwao ni kaka, kwa kuwa nilimzidi miaka michache. Kiingereza chetu wote wawili kilikuwa cha kazini, lakini kilitutosha.

Asubuhi ya Idi ya kwanza tuliyoila pamoja alivaa ile kofia ya mahameli, akaweka kanda kwenye redio, akasimama wima mbele yake kama askari anayesubiri kukaguliwa. Kaka yake alikuwa ameirekodi redioni kwao na kumtumia kwa posta.

"Simama, Abang," akasema. Nikasimama, sinia ya biskuti mkononi.

Ngoma moja iligonga polepole. Ya pili ikaijibu. Kisha juu yao ikaja sauti iliyonisimamisha nywele za mikono. Ilikuwa zumari. Sisemi kitu kinachofanana na zumari, nasema zumari yenyewe, inayokwaruza kidogo mwanzoni kisha ikawa nyembamba kama uzi, isiyokatika, isiyopumua. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo tangu utotoni, na nilikuwa nimefanya kila niwezalo nisiisikie tena.

Kanda ilipokwisha Pak Salleh alivua kofia akaketi. "Hii ndiyo nobat," akasema. "Kwetu, mfalme hawi mfalme kwa taji wala kwa kiti. Anakuwa mfalme ngoma hii ikipigwa. Isipopigwa ni mzee tu aliyevaa hariri." Akachukua biskuti akaitafuna taratibu. "Babangu alikuwa mkulima wa mpunga. Jumba la mfalme hakulikaribia maisha yake yote. Lakini sauti hii ikitoka redioni aliweka chini tonge, akanyamaza, nasi sote tukanyamaza. Hapo ndipo nilipojua kuwa tuna jina. Shuleni walitufundisha bendera, na bendera hubadilika. Hii nimetoka nayo, nimezunguka nayo dunia nzima. Nikiisikia najua mimi ni Mmalai, hata kama watoto wangu hawawezi kuniomba maji kwa lugha yangu."

Kisha akaniuliza, "Kwenu kulikuwa na mfalme?"

"Alikuwako."

"Na ngoma yake?"

"Ilikuwako."

"Wapigaji walikuwa kina nani?"

"Watu tu," nikasema. "Sikuwajua."

Nilikuwa na zaidi ya miaka sitini niliposema hivyo.

Baba ndiye aliyekuwa mpiga zumari wa jumba, kisiwani kwetu. Wao walikuwa watatu, wawili wa ngoma na yeye, na kazi ile haikufundishwa mtu wa nje. Ilishuka kwa damu, kutoka baba kwenda kwa mwana. Ngoma zilikaa katika chumba kidogo nyuma ya jumba, zimefunikwa shuka nyeupe, na kila Alhamisi zilifukizwa ubani. Hakuna aliyezikanyaga wala kuziruka. Wapigaji walipiga pekupeku, na hawakuvaa viatu mpaka mfalme ameondoka kitini na kuingia ndani. Hata siku ambazo mawe ya uwanjani yaliunguza, Baba hakuvaa.

Mimi nilikuwa mwanawe wa kiume peke yangu. Nilipokuwa na miaka sita au saba alikata bua la jani la mpapai, akalitumbukiza katika bakuli la maji, akaniambia nipulize mapovu yasikatike. Hewa itoke mdomoni, na papo hapo nyingine iingie puani, mashavu yawe ghala. Nilikunywa maji mengi kwa pua mwaka ule. Hadi leo nikikata papai bichi, uchungu wa utomvu unanirudia mdomoni kabla sijalionja.

"Utamzamisha mtoto wa watu barazani," Mama alikuwa akisema, "na bahari hajaiingia."

"Mtoto wa watu gani?" Baba humjibu. Kisha hunigeukia. "Tena. Pumzi ikikatika, mfalme hana kiti."

Maneno hayo nilidhani ni habari ya kweli. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu asubuhi za Idi jinsi mfalme alivyotoka mlangoni, akasimama, akangoja, na hakuketi mpaka zumari ianze. Nikaelewa kwamba ni pumzi ya Baba inayompandisha kitini na kumshikilia pale asianguke. Baba hakuwa na ngalawa wala mikarafuu, nyumba yetu ilivuja, lakini mfalme alikuwa ameketi juu ya mashavu yake. Nilikuwa nikimtazama amelala mchana, kinywa wazi, anakoroma, nikaingiwa na hofu. Siku moja nilikimbilia jikoni.

"Mama, sasa hivi mfalme ameshikwa na nani?"

"Na wake zake," akasema, akaendelea kukuna nazi.

Nilipoingia sekondari nilikuwa bado naamini, ingawa si kwa namna ile ya mtoto mdogo. Niliamini kwamba sisi ni watu wakubwa. Nikafanya kosa la kulisema darasani. Nilisema babangu asipotaka, mfalme haketi. Palikuwa na kijana akiitwa Nasoro, mtoto wa karani, mwenye viatu vya kung'aa. Alicheka mpaka akashika dawati.

"Wanaopiga ngoma ya jumba ni wazalia, kizazi cha watumwa," akasema. "Hamjui? Babu wa babake alinunuliwa sokoni. Akapewa zumari kama punda anavyopewa kengele, ajulikane anapopita."

Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Kengele. Asubuhi wakiniona langoni huuliza kwa adabu, "Kengele, mfalme hajambo?" Na yule aliyekuwa nyuma yao hutikisa mkono karibu na sikio, kama anayepiga kengele.

Nilimuuliza Baba. Alikuwa barazani akikwangua ulimi wa zumari, kile kipande cha ukindu kinachotiwa mdomoni, ambacho kikiwa kinene hakilii na kikiwa chembamba kinapasuka.

"Ni kweli kwamba sisi ni wazalia?"

"Kweli." Hakuacha kukwangua. "Babu yangu aliletwa hapa mtoto. Hakujua kwao ni wapi wala jina alilopewa na mamake. Hii zumari ndiyo kitu cha kwanza alichopewa ambacho hakunyang'anywa." Aliupuliza ule ulimi kuondoa unga. "Wenye jumba walikuja kisiwani na upanga wao. Wazungu wakaja na bendera yao. Lakini zumari ikilia, bwana, mzalia, Mhindi wa dukani, Mshihiri wa kahawa, wote wanasimama mara moja, na kwa kitambo kile wanakuwa watu wa nchi moja. Nani anayewasimamisha?"

Katika yote hayo nilikuwa nimesikia neno moja, lile la kwanza.

Mwaka ule kifua kilimshika Baba kabla ya Ramadhani na hakikumwachia. Ilipokaribia Idi, mkubwa wa wale wapiga ngoma wawili alikuja nyumbani, akanisikiliza nikipiga wimbo wa kumketisha mfalme kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa. "Mtoto atapuliza," akasema. "Pumzi anayo." Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa nayo kweli. Mama alinishonea kanzu mpya. Hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Asubuhi ile wanafunzi wa shule yetu walipangwa uwanjani na walimu wao, nguo nyeupe, mstari wa mbele. Baba alikuja akiegemea ukuta, amejitanda shuka, akavua viatu vyake ingawa hakuwa mpigaji siku hiyo, akaketi kwenye benchi. Aliutia ule ulimi wa zumari kinywani mwake kuulowesha, akaufuta, akautia kinywani mwangu.

"Usimtazame mtu," akaniambia. "Tazama kidevu cha mpiga ngoma."

Nilianza vizuri. Ninasema hivi bila kujisifu, kwa kuwa ndiyo sehemu inayoniuma zaidi. Mfalme alitoka mlangoni, akasimama, nami nikaipeleka sauti juu kama nilivyofundishwa, na watu wote uwanjani wakainuka. Nilisikia nguo za umati zikichakarika. Ndipo nikainua macho. Nasoro alikuwa mstari wa mbele, mkono wake karibu na sikio, anautikisa taratibu. Wengine wanne watano walikuwa wamejiziba midomo.

Mashavu yangu yalikuwa yamejaa. Nikaitoa zumari mdomoni.

Ngoma zililia mara mbili, ya tatu ikachechemea, zikakoma. Palikuwa kimya hata nikasikia kamba ya bendera ikigongagonga mlingoti. Nikamtazama mfalme. Nakiri kuwa ndani yangu mlikuwa na mtoto aliyekuwa bado anangoja aanguke.

Mfalme hakugeuza kichwa. Alifuta kitu kwenye mkono wa joho lake, akatembea hatua zake tatu, akaketi. Mzungu mmoja alipunga mkono kuelekea ng'ambo ya uwanja, na bendi ya polisi ikaanza kupuliza matarumbeta yake ya shaba. Watu wakapiga makofi. Kiti kilikuwa palepale na mfalme alikuwa juu yake.

Nikamgeukia Baba. Alikuwa ameinama kwenye benchi. Nilidhani anakohoa. Alikuwa anavaa viatu vyake, mfalme bado ameketi.

Nyumbani nilimwambia, "Pumzi iliniishia, Baba."

Aliketi barazani akihema. "Pumzi iliyoisha ina sauti yake, mwanangu," akasema. "Hufifia, huyumba, ndipo hufa. Nilikuwa nimeketi pale naisikiliza. Yako ilikatwa."

Hakunipiga, wala hakumwambia Mama. Bua la mpapai hakulikata tena. Idi iliyofuata bendi ya polisi ilipiga peke yake, na watu walisimama kwa kuwa waliambiwa wasimame. Wale wapiga ngoma wawili walikuwa wazee. Wakafa mmoja baada ya mwingine. Chumba cha ngoma kilitiwa kufuli. Kabla hajafa, yule mkubwa wao aliwahi kukutana nami sokoni, akanitazama kama anayetazama duka lililofungwa, akapita. Baba alikufa kwa kile kifua nikiwa mwaka wa mwisho wa sekondari, naye hakuwa ameigusa tena zumari. Ilibaki juu ya kabati la Mama mpaka mchwa wakaila.

Niseme na hili, kwa kuwa nimeanza kusema. Mfalme alipoondolewa na siku zikageuka, mtu wa kizazi cha watumwa alipata nafasi upesi kuliko mwingine. Nilikuwa natafuta kazi bandarini. Penye fomu waliuliza habari za mzazi, na mimi nikaandika kwa mwandiko mzuri: mzalia wa jumba. Nikapata kazi, na kazi ile ndiyo iliyonitia melini na kunileta huku. Nililolikana lilipokuwa aibu nililidai lilipokuwa faida. Sijawahi kujua lipi baya zaidi kati ya hayo mawili.

Kwa hiyo kila Idi nilisimama kando ya Pak Salleh, ghorofa ya nne, tukaisikiliza nobat ya kwao, na kila Idi nilikuwa mtu asiyewajua wapigaji. Miaka tisa. Nilijiambia nitamweleza. Kisha figo zake zikaanza kumsumbua, akalazwa katika hospitali ileile niliyostaafia, wadi ambayo vigae vyake navijua kimoja kimoja.

Nilimweleza huko, alasiri, saa ya kuangalia wagonjwa. Nilimweleza yote, bakuli, Nasoro, benchi, viatu. Yeye alikuwa amefumba macho, uso wake wa manjano, nikadhani amelala.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Mashavu yako, Abang. Kanda ikilia, mashavu yako yanajaa, pua inavuta. Miaka tisa nasimama kando yako, unadhani natazama redio?" Alicheka, kicheko kikamgeukia kikohozi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ilikuwa yako kuisema." Akapumzika. "Basi nipulizie."

"Nipulize nini? Zumari iliisha zamani."

Akaelekeza kidole kwenye meza ya kitanda. Palikuwa na bilauri ya maji na mrija wa plastiki uliopinda. "Ile ya bakuli," akasema. "Hiyo ya utotoni. Pumzi unayo?"

"Ninayo."

"Basi."

Nikaushika ule mrija. Pazia lilikuwa wazi. Kitanda cha pili mzee Mwingereza alikuwa akitutazama juu ya gazeti lake, na familia ya kitanda cha tatu ilikuwa imenyamaza kama watu wanyamazavyo wakisubiri kitu cha kuchekesha. Nesi mmoja, dada wa Mombasa aliyekuwa akituita wazee wangu, alikuwa akitandika shuka. "Mzee wangu, unataka maji?" akaniuliza kwa Kiswahili.

"Hapana, mwanangu," nikasema. Nikauweka mrija chini. Nikamwambia Pak Salleh, "Kesho. Nitakuja kesho mapema, kabla hapajajaa watu."

Alinitazama. Hakukasirika. "Kesho," akasema, akageuza uso dirishani.

Nilifika kesho yake mapema, kama nilivyoahidi. Godoro lilikuwa limeshavuliwa shuka, na bilauri imeoshwa.

Jumamosi iliyofuata ile siku ya mfuko, mwanangu alimleta mjukuu kutoka Barking nimwangalie mchana. Ana miaka saba. Kiswahili anakielewa chote na hajibu hata neno. Nilimwashia televisheni sebuleni, nikaingia jikoni, nikaitia kanda kwenye redio yangu ya zamani. Nilivaa ile kofia, nikavua makubazi. Nikajaza bilauri maji, nikachukua mrija mmoja katika ile iliyobaki ya siku ya kuzaliwa ya mjukuu, wa mistari myekundu, nikangoja ngoma ya kwanza.

Mapovu yalitoka. Mwili haukuwa umesahau, mashavu yalijaa yenyewe, pua ikavuta, na kwa muda, sijui muda gani, yule mtu wa redioni na mimi tulikwenda pamoja. Kisha kifua kikaniuma. Nilijitahidi. Mapovu yakawa madogo, yakaenda upande, yakasita, yakarudi mawili matatu, yakaisha. Redioni zumari iliendelea bila mimi.

Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini.

"Babu," akaniuliza kwa Kiingereza, "pumzi imekuishia?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Safari hii ndiyo."